Kama Huna cha Kuficha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo?

Nianze na swali lililokwisha kuwasha ugomvi katika nyumba nyingi: "Kama huna cha kuficha, simu umeifunga ya nini?" Swali hilo lina ujanja. Anayetaka kuona hajielezi. Wa kujieleza ni mwenye simu.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake umebanwa, alichozuiliwa ndicho humkaa rohoni. Mwaka 1994 mtafiti mwingine, George Loewenstein, akauelezea udadisi kama pengo kati ya tunachokijua na tunachotaka kukijua. Siri za mtu wa Kigoma usiyemjua hazikukoseshi usingizi. Lakini nenda Mabatini, Mwanza: nyumba zimepandana juu ya mawe, bati la jirani liko chini ya kizingiti chako. Umemwona anarudi na bahasha ya hospitali, hujaona kilichomo. Hapo ndipo unapowashwa.

Tuseme mwenye bahasha anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wifi yake anamuuliza, anajibiwa, "Kawaida tu." Akienda kuoga, wifi anafungua mkoba, anapiga picha cheti, anairusha kwenye grupu la ukoo: "Jamani, tumwombee wifi yetu." Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza jinsi watu wema wanavyotenda baya bila dhamiri kuwasuta: tendo hupewa jina zuri, lawama hugawanywa hadi anakosekana wa kuibeba. Upekuzi umegeuka maombi. Na kwenye grupu kila mmoja atasema, mimi nimesoma tu.

Huyo wifi anampenda kweli, na ndiyo maana namwogopa kuliko mmbeya. Mmbeya akinaswa huona haya. Huyu anasubiri ashukuriwe. Tena lile "kawaida tu" alilisikia kama tusi, kana kwamba ameambiwa haaminiki. Kumbe mwenzake alitaka mumewe, aliyeko kambi ya uvuvi huko Ukerewe, ajue kwanza. Mume akakuta pole zimejaa kwenye simu, hajui pole ya nini.

Sheria ipo: Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini nani atamshtaki wifi yake?

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni: mgonjwa akificha mpaka akatufia, je? Mzee wangu, hofu yako ni ya haki. Muulizeni mwenyewe, pembeni, hata mara ya pili na ya tatu, na mkubali kwamba anaweza kukataa tena.

Haya, naona mikono. Tuanze na mama mwenye kitenge cha kijani.