Mnada Uliokosa Wanunuzi: Mafuta na Karibuu wa Alaska

ZUHURA: Beda, tarehe 6 Januari 2021 ulikuwa wapi?

BEDA: Nimeganda mbele ya televisheni kama dunia nzima, naangalia watu wanavyopanda kuta za Bunge la Marekani.

ZUHURA: Siku hiyohiyo huko Alaska kulikuwa na mnada. Vitalu vya mafuta ndani ya hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, jambo ambalo wanasiasa wa jimbo lile walikuwa wamelipigania kwa takriban miaka arobaini. Lile vurumai likaifunika habari yote.

BEDA: Na bora lilivyoifunika, maana ilikuwa aibu. Sheria ilipopitishwa mwaka 2017, wakadiriaji wa Bunge walisema hazina ya taifa itavuna kama dola bilioni 1. Mnada ukaleta milioni 14 na ushei. Kampuni kubwa za mafuta hazikuonekana. Katika vitalu vilivyouzwa, aliyenunua karibu vyote ni shirika la serikali ya jimbo la Alaska lenyewe.

ZUHURA: Bwana harusi hakutokea, ikabidi mjomba wa bibi harusi akae kwenye kiti.

BEDA: Vikampuni viwili vidogo vikachukua kitalu kimoja kimoja, navyo baadaye vikarudisha. Ndiyo maana nikasema leo tuizungumze. Watu wamegombana zaidi ya nusu karne, mlango umefunguliwa, hakuna aliyeingia.

ZUHURA: Tuwaweke sawa wasikilizaji. Hifadhi hii iko kona ya kaskazini-mashariki ya Alaska, inapakana na Kanada. Ilitangazwa mwaka 1960, zama za Rais Eisenhower. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter akasaini sheria iliyoipanua sana; leo ina zaidi ya eka milioni 19. Lakini kipande cha pwani, kama eka milioni 1.5, wakakiacha kiporo: kichunguzwe kwanza, na asichimbe mtu mpaka Bunge liruhusu.

BEDA: Hicho kiporo ndicho kilicholeta ugomvi wote. Mwaka 1995 Bunge likaruhusu, Rais Clinton akagoma kutia saini. Mwaka 2005 wakajaribu tena, wakakwama Seneti.

ZUHURA: Na hicho kipande ndipo karibuu wanapozalia. Wasikilizaji, karibuu ni mnyama anayefanana na paa, mwenye pembe kubwa, siyo "karibu ndani". Kundi moja, linaloitwa kwa jina la mto Porcupine, lilihesabiwa mwaka 2017 likakutwa na zaidi ya wanyama 200,000. Kila mwaka majike wanavuka milima kwenda pwani, na mwanzoni mwa Juni wanazaa karibu wote kwa pamoja.

BEDA: Kama nyumbu kule Ndutu.

ZUHURA: Kabisa. Pwani kule mbwa mwitu na dubu ni wachache kuliko milimani, majani ndiyo kwanza yanachipua, na upepo wa bahari unafukuza mbu. Usicheke, mbu wa Aktiki wanaweza kumdhoofisha ndama.

BEDA: Sicheki, ila nina swali. Prudhoe Bay, magharibi ya hapo, mafuta yaligunduliwa mwaka 1968, bomba likaanza kazi 1977. Karibuu wa upande ule hawakuisha. Miaka mingi baadaye walikuwa wengi kuliko mwanzo.

ZUHURA: Hoja hiyo kila mtetezi wa uchimbaji anayo mfukoni. Lakini upande wa Prudhoe tambarare ni pana, jike akikwepa mitambo ana pa kwenda. Huku kwenye hifadhi milima imesogea karibu na bahari. Ukimsukuma mama mwenye ndama wa siku tatu, unampeleka kwa mbwa mwitu.

BEDA: Hapo umenipata, kidogo.

ZUHURA: Kusini ya milima wapo Wagwich'in, wenyeji wa asili wanaoishi kwa karibuu hao. Wao pwani ile wanaiita mahali patakatifu uhai unapoanzia. Mwaka 1988 wazee wao wa Alaska na Kanada walikutana wakakubaliana kuipinga kazi hii, na mpaka leo hawajarudi nyuma.

BEDA: Sasa niache na mimi. Zuhura, mimi huwa ninakereka hifadhi hii inapoitwa "nyika". Picha zote utaona milima, theluji, dubu mweupe, hakuna mtu. Lakini ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo kuna kijiji, Kaktovik. Watu wasiozidi 300, Wainupiat, wenyeji wa asili wa pwani ile. Mwaka 1947 jeshi la anga la Marekani lilitaka uwanja wa ndege pale walipokuwa wakiishi, likawahamisha. Miaka ya 50 wakahamishwa tena, na mwaka 1964 mara ya tatu.

ZUHURA: Hilo la mara tatu sikulijua.

BEDA: Na katikati ya hamahama hizo, mwaka 1960, wanaambiwa ardhi inayowazunguka sasa ni hifadhi. Miaka ya 70 ndipo wakapata halmashauri yao ya North Slope, ikaanza kutoza kodi mitambo ya mafuta. Shule, zahanati, maji ya bomba, choo cha ndani, vyote vimetoka kwenye kodi hiyo. Halafu anakuja mtu kutoka mji wenye barabara za lami anawaambia waache mafuta.

ZUHURA: Lakini Kaktovik nako hawako kauli moja. Wapo wenyeji wa palepale wanaopinga.

BEDA: Wapo. Nasema tu kwamba wengi wa viongozi wao wanataka uchimbaji, na wana sababu zenye akili.

ZUHURA: Na Wagwich'in nao wana zao. Sheria ya mwaka 1971 iliwataka wenyeji wa Alaska waunde kampuni, wapokee hisa na fedha, wamalizane na madai ya ardhi. Vijiji vyao vya Arctic Village na Venetie vilikataa hisa, vikachukua ardhi yao yenyewe, kama eka milioni 1.8. Wameishi na uamuzi huo, na maisha yao si ya mteremko. Kwa hiyo tusiseme huku kuna maskini anayetaka maendeleo, kule kuna mzungu na darubini yake. Hawa wote ni wenyeji.

BEDA: Nakubali. Benki kubwa za Marekani nazo zilitangaza hazitakopesha miradi ya kule.

ZUHURA: Mimi mtu wa Tanga, nikisikia benki zinakimbia mafuta nakumbuka Chongoleani, kwetu kule linakoishia bomba la mafuta ya Uganda.

BEDA: Halafu angalia vituko vya mabomba haya. Letu la kutoka Hoima lazima lipashwe moto kilomita 1,443 zote, maana mafuta ya Uganda yana nta, yanaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Lushoto. La Alaska zaidi ya nusu yake wamelinyanyua juu ya nguzo, kwa sababu mafuta yakipita chini na joto lake yatayeyusha ardhi iliyoganda, bomba lizame.

ZUHURA: Haya, yako kiasi gani hayo mafuta ya hifadhini?

BEDA: Wataalamu wa jiolojia wa serikali walikadiria mwaka 1998: kati ya mapipa bilioni 5.7 na 16, ukijumlisha ardhi ya wenyeji na maji ya jimbo. Ona upana wa kadirio lenyewe! Na kisima cha majaribio kilichochimbwa pale ni kimoja tu, katikati ya miaka ya 80, kwenye ardhi ya wenyeji karibu na Kaktovik. Matokeo yake ni siri, hayajawahi kutangazwa rasmi.

ZUHURA: Kampuni iliyokuta mafuta mengi ingenyamaza miaka yote hiyo?

BEDA: Ingenyamaza, ndiyo, ili jirani asipandishe bei ya kitalu.

ZUHURA: Mh. Biden akafuta vitalu vya lile shirika la jimbo mwaka 2023, mnada wa pili Januari 2025 haukupata hata bahasha moja. Miezi miwili baadaye jaji akasema Biden alikosea kufuta. Julai mwaka huohuo, chini ya Trump, sheria mpya ikaamuru minada mingine minne ndani ya miaka kumi.

BEDA: Safari hii watakuja wakubwa. Rais anawataka.

ZUHURA: Rais anayemfuata je? Kisima pale kinahitaji miaka mingi kabla hakijatoa pipa la kwanza, hao wakubwa wanajua kuhesabu. Nakuwekea mishikaki kumi, hawaji.

BEDA: Ishirini. Na ndizi za kuchoma.