Jani halijui tofauti ya salfa na seleni

Hapana, sikai. Nikikaa mtasinzia. Leo nasema juu ya kupulizia majani ya miti ya matunda madini yaitwayo seleni. Nipeni lile jani la mwembe. Asante, mama.

Tazameni. Nadondosha tone la maji upande wa juu. Limesimama kama ushanga. Nainamisha jani, hilo, limeishia kwenye kiatu changu. Ndivyo hela yenu inavyokwenda. Tone la pili nimelitia sabuni kidogo. Mnaona lilivyotandaa? Lililotandaa ndilo lina nafasi ya kupenya nta ya jani. Na vile vitundu vya kupumulia, kwa mwembe, viko karibu vyote upande wa chini. Nimelisema hili hadi sauti imekauka, na bado nakuta mtu anapulizia juu ya majani saa saba mchana, dawa inakauka kabla haijaingia. Jioni, ndugu zangu! Na ncha ya bomba itazame juu kutokea chini.

Haya, hiyo seleni ikishaingia? Wenye mikorosho mnaijua salfa, mmeivuta puani kila msimu wa ubwiriunga, ugonjwa ule wa unga mweupe. Seleni ni ndugu yake, na wamefanana hadi mti unawachanganya. Seleneti, yaani seleni iliyoungana na oksijeni, inapita mlango uleule wa salfeti, salfa iliyoungana vivyo hivyo, inaingia kiwanda kilekile ndani ya chembe za kijani, inatoka ikiwa asidi amino, tofali la protini, ila pale palipokuwa na salfa sasa imekaa seleni. Ikiwa kidogo, mti unavumilia. Ikizidi, protini zinajengwa kwa tofali lisilo lake: jani linapauka, kingo zinaungua, machipukizi yanadumaa. Iko mimea inayojitetea kwa kuigeuza gesi na kuitoa hewani, inanuka kama kitunguu saumu. Msicheke.

Namwona mzee wangu pale anatikisa kichwa. "Kama mti hauihitaji, tuulishe ya nini?" Naulizwa kila ninapokwenda. Kweli, haijathibitika kwamba mwembe unaihitaji. Anayeihitaji ni mlaji: mtu mzima mikrogramu 55 kwa siku, na asivuke 400 (mikrogramu elfu ndiyo miligramu moja). Ufini, ambako udongo una seleni haba, walianza mwaka 1985 kuitia kwenye mbolea za nchi nzima, na seleni kwenye damu za watu ikapanda. "Basi na sisi tumwage shinani." Udongo mwekundu wenye chuma nyingi huing'ang'ania, hasa ikiwa katika umbo la seleniti, lenye oksijeni pungufu kuliko seleneti, mizizi ikabaki inatazama. Ndiyo maana nang'ang'ania jani. Italia walipulizia mipichi na mipea miligramu 1 ya seleni kwa lita. Matunda yakaipata, na yakachelewa kulainika.

Miligramu moja! Bomba la lita 16 ni miligramu 16, hata chembe za chumvi ya chakula zilizobaki kidoleni huenda zikazidi uzito huo. Sasa sikieni. Mwaka juzi niliuziwa kichupa cha seleni, mahali sipataji. Lebo inasema "weka kifuniko kimoja". Kifuniko cha nini, chenye kiasi gani? Kimya. Nami, mwalimu mzima, nikaupulizia mwembe wangu mchanga uani. Wiki ya pili kingo za majani zimekuwa kahawia, zimejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mke wangu akaniuliza kama nimeumwagia petroli. Nikamwambia ni utafiti. Akasema, "Utafiti huo usifike kwenye mchicha wangu." Alikuwa na haki. Kule Enshi, China, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walinyonyoka nywele na kucha kwa kula mazao ya udongo uliojaa seleni. Na mtu anakupimia kwa kifuniko!

Naam, mwenyekiti, nimekuona. Mawili ya mbio. Ukizidisha mbolea ya salfeti udongoni, seleni itakayopita mizizini itapungua, mlango ni mmoja. Na majani yaliyopuliziwa hubaki na seleni nyingi kuliko tunda, kwa hiyo ukipogoa usiwatupie mbuzi. La kupima majani maabara tutalisemea kwenye chai.

Nani kachukua sabuni yangu?