Unga Haupiti Tu

Asalaam alaikum wazazi wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma.

Kuna kauli naisikia kila mahali, hata kwa watu wazima wenye heshima zao: eti unga, yaani heroini, unapita tu kwetu, unakwenda Ulaya, wanaoumia ni wa huko. Kauli hiyo imetugharimu watoto.

Heroini hutokana na utomvu wa afyuni, na kwa miongo mingi, hadi mwaka 2022, shamba lake kubwa lilikuwa Afghanistan. Mzigo ulizoea kupita Iran, Uturuki na nchi za Balkani. Njia hiyo ilipobanwa, wakubwa wa biashara wakageukia bahari. Majahazi hupakia pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, yakashuka hadi maji ya Somalia, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Ni bahari ileile iliyowaleta wauza tende kwa pepo za kaskazi. Kusi ikichachamaa, safari hupungua. Jahazi la unga halifungi gati. Hungoja mbali, boti ndogo zikalifuata.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Mombasa. Katikati ya mifuko ya saruji zilikutwa kilo 1,032 za heroini. Shehena kama hiyo huharibiwa, lakini ikikamatwa bahari kuu, mara nyingi mabaharia huachwa waende zao. Mwenye mali hata hayumo chomboni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Anayepokea mzigo, anayeuficha, anayeusafirisha, mara nyingi hulipwa kwa unga wenyewe. Mwenye boti aliyepewa nusu kilo hana mteja Amsterdam. Ataukata kete, vipakiti vidogo vya kuuza, auze mtaani kwake, kwa mtoto wa jirani. Soko letu limelishwa na ujira huo.

Mwanzoni ulikuja wa kahawia, vijana wakauvuta. Kuelekea mwaka 2000 ukaenea mweupe, unaoyeyuka upesi majini, na bomba la sindano likaingia maskani. Bomba moja, watu kadhaa. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba Dar es Salaam kulikuwa na wanawake waliojidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, ili kutuliza arosto, yaani mateso ya kukosa unga. Fikirini umaskini uliowafikisha hapo, kisha fikirini VVU na homa ya ini.

Na mahakama zetu je? Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa mwaka 2014 kwa tuhuma za biashara ya unga, kesi ikasuasua hadi walipopelekwa Marekani mwaka 2017. Huko New York walikiri makosa yao, kuhonga maofisa wa Kenya kukiwemo. Mmoja wao, Baktash, alifungwa miaka 25.

Tunawapiga mateja, hao walionaswa na unga, tunawafunga minyororo, tunawaita wezi. Mimi nasema ni wagonjwa. Ukimwona kijana anatokwa kamasi, anaharisha, mifupa inamuuma na halali, hiyo ni arosto, na ina dawa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, mwaka 2011; mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kliniki zimeongezeka tangu hapo, Kenya pia.

Wahudumu wako meza ile ya mlangoni. Mama mwenye kijana wa hivyo azungumze nao leo kabla ya kuondoka. Jina lake halitatangazwa.