Wali wa Mama Mkwe

BARAKA: Tunarekodi? Haya. Nyakio, leo ukicheka, cheka pole pole.

NYAKIO: Siahidi. Waambie watu ulimfanyia nini mama mkwe.

BARAKA: (anashusha pumzi) Jumanne nafika nyumbani Kahawa Sukari, nakuta punje za wali kwenye kochi. Mama ametoka Murang'a, ana siku 2 tu kwangu. Na mimi mnanijua, mtu wa usafi...

NYAKIO: Nani?

BARAKA: ...nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, hata mezani kuna nafasi ya kulia."

NYAKIO: Kwa heshima zote!

BARAKA: Akavaa miwani. Akainama. Akatazama sana. Kisha akasema, "Mwanangu, wali wako unatembea."

NYAKIO: (anacheka mpaka anakohoa) Unatembea!

BARAKA: Vipande vya tegu, mnyoo bapa wa tumboni. Na hapo ndipo Waziri hulala nikiwa kazini.

NYAKIO: Kwa wageni: Waziri ni mbwa, yule aliyetafuna viatu vyangu pale mwanzo kabisa. Kwa hivyo Waziri ndiye mwenye wali, na kesi akabebeshwa bibi ya watu.

BARAKA: Nimeomba msamaha. Mara 3. Kesho yake nikampeleka Waziri kwa daktari wa mifugo kule Kabete. Nikamwambia, lakini mwezi jana nilimpa dawa ya minyoo, nilinunua agroveti. Dawa gani? Pipirazini. Akatabasamu. Hiyo ni ya minyoo ya mviringo, tegu haimfanyi kitu. Tegu anataka prazikwanteli.

NYAKIO: Tegu alikunywa kama soda.

BARAKA: Halafu akaanza kumpekua Waziri manyoya, akaniuliza, na hawa viroboto? Ndio hao wenyewe! Buu la kiroboto linakula mayai ya tegu, linakua, kiroboto anamrukia Waziri. Waziri akiwashwa anajiuma, anammeza. Ukimuua tegu ukaacha viroboto, wiki 3 hivi wali umeiva tena.

NYAKIO: Sahani ya pili. Na mama bado yuko?

BARAKA: Yuko. Tunakula ugali tu siku hizi, hakuna anayesema kwa nini.

NYAKIO: (anacheka) Hata githeri ina hatari, vile vipande vikikauka...

BARAKA: Nyakio, nimekuja na orodha. Mambo matano yanayomtia mbwa minyoo. La kwanza, kutompa dawa kila miezi 3...

NYAKIO: Hapo simama. Kwa nini usipime choo cha mbwa kwanza? Unamnywesha mnyama dawa usiyojua inamfuata nani. Si ndiyo pipirazini yako hiyo?

BARAKA: Kipimo chenyewe mara nyingi kinamkosa tegu huyu. Mayai yake yamefungwa ndani ya vile vipande, hayajatawanyika kwenye choo. Maabara inasema safi, kochi langu linasema vingine.

NYAKIO: Huyo ni mmoja. Minyoo ya safura je? Marekani kuna safura wa mbwa ambao dawa haiwashiki tena. Walionekana sana kwa mbwa wa mashindano ya mbio, waliokuwa wakipewa dawa kila mara.

BARAKA: Huko wana mbio. Hapa mbwa wa mtaa mzima wanaacha mizigo uwanjani na watoto wanacheza peku. Buu la safura linapenya ngozi ya mguu. Nisubiri karatasi ya maabara?

NYAKIO: Kusubiri siku moja?

BARAKA: Na watoto wa mbwa je? Wanazaliwa na minyoo tayari, imepita tumboni mwa mama. Wanaanza dawa wakiwa na wiki 2. Nani huwapima?

NYAKIO: Sijasema watoto wa mbwa. Waziri ana miaka 6, ana ndevu nyeupe! Huyo anapimwa.

BARAKA: Ningempima mwezi jana ningeambiwa hana kitu.

NYAKIO: Lakini ungekuwa umefika kwa daktari, akaona viroboto.

BARAKA: Hicho si kipimo, hayo ni mazungumzo.

NYAKIO: Basi mazungumzo yamekushinda mwezi mzima.

(kimya)

BARAKA: Mimi nampa dawa.

NYAKIO: Na mimi wangu napima.

BARAKA: Sawa. Orodha. La pili, kuzurura usiku. La tatu, matumbo mabichi ya bucha...

NYAKIO: Wenye studio wanagonga mlango.

BARAKA: Matumbo ni muhimu! Kuna tegu mwingine, yule wa kule Turkana, mbwa anampata humo, na mtu akimeza mayai yake anaota uvimbe wa maji kwenye ini...

NYAKIO: Hiyo huwezi kuimaliza kwa dakika 1. Simu yako inalia.

BARAKA: Ni yeye. Halo, Mama... ndiyo, natoka sasa. Nipitie dukani? Nilete nini?

NYAKIO: Usiseme.

BARAKA: ...Mchele. Kilo 2. Sawa, Mama.