Kigumba Gani cha Kumpigia Elki? Nimevimwaga Vyote Mezani

Habari zenu, ndugu zangu wa upinde. Niko gereji kwangu hapa Colorado, Agosti inakatika, na Septemba madume wa elki wanaanza kupiga mbinja zao milimani. Swali ninaloulizwa kila siku ni hilo hilo: kigumba gani, yaani kile kichwa cha mshale chenye nyembe?

Kwa mnaotazama kutoka nyumbani, elki ni ayala mkubwa, dume lake linafika kilo 300 na zaidi. Na Kenya uwindaji ni marufuku tangu 1977, kwa hiyo mtu asiende kunijaribia haya Kitui halafu aseme ni mimi niliyemtuma.

Haya. Hiki hapa nyembe zake hazichezi. Hiki kingine ni cha kufunguka: nyembe zimelala ubavuni, kikigonga mnyama zinakunjuka. Hiki cha kufunguka kinaruka vizuri mno na kinaacha jeraha pana, siwezi kukisema vibaya. Lakini nguvu ya kuzikunjua inatoka kwenye mshale wenyewe, na elki ana ngozi nene na mbavu za kazi. Ukivuta upinde wa pauni 70, yaani nguvu ya kuuvuta, chagua upendacho. Mke wangu anavuta 50. Cha kufunguka hakiingii podoni mwake. Mimi navuta 65 na bado sikitaki. Niite mwoga. Nataka mshale uingie huku utokee kule, damu idondoke pande zote mbili, nisishinde natambaa na tochi usiku.

Upana: sheria ya Colorado inataka angalau inchi 7/8, yaani sentimita 2.2 hivi, na nyembe za chuma zisizopungua mbili. Jimbo lako lina sheria zake, zisome. Uzito: greni 100 au 125, yaani gramu 6.5 au 8 hivi, ilimradi ulingane na ncha zako za mazoezi. Tuendelee.

Ukali. Chukua raba bendi, ivute, iguse kwa makali. Ikatike yenyewe, usiisukume. Hiki nimekitoa kwenye pakiti sasa hivi... mnaona? Kinateleza. Kipya kabisa! Ndiyo maana nina jiwe na kipande cha mkanda wa ngozi hapa. Cha dukani nacho kinanolewa.

Sasa hapa acha kula, nitazame. Usikaze kigumba kwa vidole. Narudia: si kwa vidole. Tumia kile kifunguo cha plastiki kinachokuja ndani ya pakiti, ambacho sote tunakitupa. Mimi nilikitupa. Nikakaza kwa mkono, kikateleza, na kidole gumba... kijana, sogeza kamera.

"Baba, inaonyesha ukungu."

Futa lenzi. Sio kwa shati! Haya, kovu hilo hapo. Mishono sita, msimu ukaniishia nimekaa kwenye kochi. Kifunguo, jamani.

Ukishakaza, simamisha ncha mezani na uuzungushe mshale kama pia. Tazama pale kigumba kinapokutana na mti wa mshale. Ukitulia, sawa. Huu... hebu. Huu unayumba. Na sikuuandaa kwa ajili ya video, umekaa podoni mwangu tangu Jumapili! Ngojeni.

(Nimerudi.) Nimekifungua, nikakuta chembe ya uchafu kwenye nyuzi za skrubu. Nimefuta, nimekaza tena, kwa nini? Kwa kifunguo. Sasa umetulia. Ungegoma ningekihamishia mshale mwingine.

Twende nje. Yadi 30. Ncha ya mazoezi kwanza... katikati. Sasa kigumba, upinde ule ule, mkono ule ule... kushoto, kama upana wa kiganja. Hapa ndipo watu wanasogeza saiti, kile kilengeo cha upinde. Acha saiti. Sogeza kile kishikizi unapolala mshale, kidogo tu, kiende kulia, kuifuata ile ncha ya mazoezi. Kama milimita moja. Piga tena... vidole viwili. Sogeza tena... ahaa! Manyoya yamegusana.

Kama una aina tatu na moja tu inatua pamoja na ncha za mazoezi, jibu la swali lako ndilo hilo, hata kama nyingine ina pakiti ya kupendeza. Na hiki kilichopiga sponji ya shabaha sasa ni butu, hakirudi podoni hadi kinolewe. Nakifungua ku...

Kijana, kifunguo umekiweka wapi?