Sindano ya Wageni, Jani la Mshelisheli

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji. Niko na kaka Hamisi, na leo tunavuka bahari mpaka Hawaii. Wiki nzima nimekuwa nikifuatilia kitu kimoja tu: mfarishi.

HAMISI: Mfarishi huu wa kujifunikia?

MWANAIDI: Huo huo. Kitambaa juu, kitambaa chini, katikati pamba, kisha vinashonwa pamoja. Utasikia mara nyingi kwamba wanawake wa Hawaii walifundishwa kushona mifarishi na wake za wamisionari wa Kimarekani. Sindano ilikuja na wageni, sikatai. Lakini ukianzia hapo umewaruka mabibi wa mabibi.

HAMISI: Basi dada, tuanze nao. Walijifunika nini?

MWANAIDI: Kapa, nguo ya magome. Mti wake unaitwa wauke, ni jamaa ya mforosadi. Si mti wa asili wa pale. Wahenga wao waliupakia kwenye mitumbwi pamoja na vyakula vyao. Watafiti wamefuata vinasaba vya mti huu Pasifiki nzima, wakafika kusini mwa Taiwan. Unabandua gome, unakwangua ganda la nje, unaloweka gome la ndani lilainike, kisha unaponda. Kwanza kwa rungu la mviringo, baadaye kwa rungu la pande nne, kila upande umechongwa nakshi yake. Nguo ikikauka, iinue mwangani: nakshi unaiona ndani kwa ndani, kama ile alama iliyojificha kwenye noti. Halafu inapigwa chapa kwa vijiti vya mianzi.

HAMISI: Hapo umenipeleka Buganda! Lubugo, nguo ya gome la mutuba. Nyundo zao za mbao nazo zina mifereji. Na mutuba ni mtini, kwa hiyo yeye na wauke ni wa ukoo mmoja wa miti.

MWANAIDI: Ila Buganda anayeponda ni mwanamume. Hawaii ilikuwa kazi ya wanawake. Sasa sikia hili: shuka zao za kulalia walizitengeneza kwa tabaka kadhaa za kapa, aghalabu tano, zikiunganishwa kwa uzi upande mmoja, na ile ya juu peke yake ndiyo yenye mapambo.

HAMISI: Kumbe wazo la mfarishi walikuwa nalo.

MWANAIDI: Walikuwa nalo! Ndiyo maana naudhika mambo yanapoanzishwa mwaka 1820. Mwaka huo meli ya Thaddeus ilifika kutoka Boston na wamisionari wa kwanza. Tarehe 3 Aprili, juu ya sitaha, mikeka ikatandikwa, wake za wamisionari wakakaa na wanawake wa kifalme kushona. Miongoni mwao alikuwa Kalakua, mmoja wa wajane wa mfalme Kamehameha.

HAMISI: Alikuja kufundishwa?

MWANAIDI: Alikuja na kitambaa chake mwenyewe, cheupe, akitaka ashonewe gauni kama walizovaa wale wageni. Machifu walikuwa wakiuza msandali na kununua nguo za nje tangu kabla ya meli hiyo. Kwa hiyo yeye pale alikuwa mwenye kuagiza. Kushona walijifunza, lakini usimpige picha akilini kama mtoto wa shule.

HAMISI: Na viraka je? Mimi najua Wamarekani hushona vipande vidogo vidogo.

MWANAIDI: Inasemekana Wahawaii waliona ajabu: kitambaa kizima, kipya, ukikatekate ili ukiunge tena? Wao wakafanya vingine. Unakunja kitambaa cha rangi mara tatu, kinakuwa tabaka nane, unakata umbo moja tu. Ukikunjua, una ua kubwa lililotanda kutoka katikati. Unalipiga bandi juu ya kitambaa cheupe, unakunja kingo kwa sindano kidogo kidogo, unashonea. Kisha mishono ya kushikilia pamba inafuata ukingo wa umbo, mstari baada ya mstari, kama mawimbi yanavyozunguka kisiwa. Na umbo linalopendwa sana ni jani na tunda la mshelisheli.

HAMISI: Shelisheli letu hili! Zanzibar tunalila kwa nazi, kumbe kwao linashonwa.

MWANAIDI: Linaliwa pia. Wengi hushauri mfarishi wako wa kwanza uwe wa shelisheli, usije ukapungukiwa.

HAMISI: Lakini dada, nikubane kidogo. Pamba hiyo hiyo ndiyo iliyoiua kapa.

MWANAIDI: Ni kweli, na inauma. Kufikia mwisho wa karne ya 19 waponda kapa walikuwa wamebaki wachache mno. Ufufuo ulipoanza miaka ya 1970, waliouanzisha walilazimika kusoma vipande vya zamani kwenye makumbusho na kuchonga marungu upya. Ujuzi wa mkono ukikatika kizazi kimoja, kitabu hakikurudishii wote.

HAMISI: Na ufalme nao ulikuwa ukiondoka.

MWANAIDI: Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa Januari 1893. Mwaka 1895, baada ya jaribio la kumrudisha kushindwa, alifungwa chumbani katika kasri lake mwenyewe, ʻIolani, miezi kama minane. Mle ndani yeye na mwenzake wakaanza kushona mfarishi. Na hakuchagua jani la mshelisheli. Alichagua mtindo wa kigeni uliokuwa ukivuma, wa vipande vya hariri na mahameli visivyo na mpangilio.

HAMISI: Mtindo wa hao hao?

MWANAIDI: Wa hao hao. Miraba tisa. Akadarizi juu yake bendera za Hawaii, majina, tarehe, na maneno yanayosema kwamba alifungwa ʻIolani na kwamba mfarishi huu ulianzia pale. Leo umewekwa katika chumba kile kile, ndani ya kabati la kioo.