Mafuta Huishia Kwenye Breki

Mhadhara kwa madereva wa teksi, Dar es Salaam

Ndugu zangu madereva, dada zangu mliokaa huku mbele, wazee wangu wa kijiwe, asalamu aleikumu, na Bwana Yesu asifiwe. Nashukuru mmeacha abiria asubuhi hii mkaja kunisikiliza. Najua saa moja ya dereva ina bei yake, kwa hiyo naanza moja kwa moja, na naanza na hiki kijiko.

Ni kijiko cha mezani, cha kulia wali. Kinabeba mililita 15 hivi. Sasa chukueni Toyota IST, gari ambalo wengi wenu mnalo, likiwa na dereva na abiria mmoja na mzigo wake kidogo. Uzito wote unakaribia kilo 1,200. Kulitoa pale liliposimama mpaka lifike mwendo wa kilometa 60 kwa saa, petroli inayokwenda kwenye kulisukuma tu ni kama kijiko kimoja na nusu cha namna hii. Ukishafika 60 mafuta hayo bado ni yako. Yamegeuka mwendo, gari limeyabeba. Ukiondoa mguu, gari litaendelea kwenda na kukurudishia ulichokilipa, mita baada ya mita. Ukikanyaga breki, yanageuka joto kwenye pedi na diski, upepo unalipeleka, kwisha. Simama ghafla ukitoka mwendo mkubwa, kisha sogeza kiganja karibu na rimu ya mbele, usiiguse. Lile joto unalolisikia ulilinunua kituo cha mafuta.

Mtu akiambiwa abane mafuta, akili yake inakwenda kwenye pedeli ya mafuta. Anaanza kuendesha kama anakanyaga mayai, nyuma wanampigia honi, na jioni akihesabu haoni tofauti. Mimi nawaomba muanzie kwenye breki. Dereva wa teksi wa mji huu akishika breki za nguvu mara 100 kwa siku kutoka kwenye ule mwendo wa 60, ametupa lita 2. Tuseme nusu yake haziepukiki: mtoto karuka barabarani, bodaboda kakatiza, trafiki kanyoosha mkono. Inabaki lita 1. Mnakumbuka mwaka 2022 lita ilipovuka shilingi 3,000. Shilingi 3,000 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni 78,000 kwa mwezi. Tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku kamili, mafuta ni juu yako. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, watangaze bei kikomo, na bei ile hatuna uwezo nayo. Hii 78,000 tuna uwezo nayo.

Sasa breki inaepukwaje? Kwa macho. Dereva anayetazama bampa la gari la mbele atashika breki kila linaposhika. Inua macho, tazama gari la nne, la tano. Ukiona kule mbele taa nyekundu zinawaka, toa mguu sasa hivi, usisubiri zikufikie. Daladala likiwa mbele yako, mtazame konda. Konda akishasogea mlangoni na kugonga bodi, kituo kimefika, hata kama dereva wake hajaonyesha chochote. Una sekunde tatu nne za kuachia mafuta, au za kubadili njia kwa usalama ukiwa bado na mwendo wako. Mataa yakiwa mekundu mita 200 mbele, kwa nini ukimbilie kusimama? Jiachie taratibu, mara nyingi utakuta yameruhusu na wewe bado unatembea. Kuliongeza gari linalotembea kwa 20 mpaka 60 kunakula kidogo kuliko kulianzisha sifuri.

Na mkipata safari ya mkoani, tuseme Morogoro, mnajua tabia yetu. Tunatembea 100, tunaona kibao cha 50, tunaogopa tochi ya trafiki ya kupimia mwendo, tunashika breki za kuamsha abiria. Kibao kile kinaonekana mbali. Matuta ya vijijini ni yale yale, hayahami. Ondoa mguu mapema, gari liingie kijijini likiwa limeshapungua lenyewe. Halafu huo mwendo wenyewe: upepo unaolizuia gari haupandi sambamba na mwendo, unapanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 80 ukaenda 110, nguvu ya upepo inakaribia kuwa mara mbili. Kama una keria juu ambayo haijabeba kitu, ifungue leo leo, maana unaburuza upepo bure.

Kaka pale nyuma ananiuliza kuhusu kuachia nyutro mteremkoni, yaani kuliacha gari lishuke bila gia. Nilijua litakuja, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu jambo hili limeua watu.

Nilikuwa kijana, naendesha lori la mahindi kutoka Makambako kuja Dar. Mwajiri wangu alikuwa anapima dizeli, ikizidi unakatwa mshahara. Wenzangu wakanifundisha: ukifika Kitonga, tupa nyutro. Mnaijua Kitonga, kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Kona ya kwanza nikashika breki, ya pili nikashika, ya tatu nikasikia harufu ya kuungua na kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweupe unatoka kwenye matairi. Pedeli naikanyaga, lori halisikii. Utingo wangu alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja kwenye kikanyagio, ananitazama usoni. Mungu alitusaidia: mahali ambapo barabara imelala kidogo nilifanikiwa kuingiza gia, injini ikanguruma, ikalishika lori. Tuliposimama chini, yule kijana alikaa chini kwenye majani na hakusema neno kwa muda mrefu. Mpaka leo nikipita pale huwa naiona ile sura.

Na kilichoniuma baadaye ni kujua kwamba hata hiyo dizeli sikuiokoa. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu ya dizeli inafunga mafuta. Magari yenu ya EFI, yanayopimiwa petroli na kompyuta, ni hivyo hivyo: kompyuta ikiona umeachia pedeli na injini bado inazunguka kasi, inazifunga nozeli, haitoi petroli hata tone, mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya sailensa, ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Ukitupa nyutro, injini imebaki peke yake, lazima ilishwe isizimike. Wazee waliotufundisha nyutro walikuwa na magari ya kabureta, ya zamani yasiyo na kompyuta ya mafuta, ambayo yanaendelea kuvuta mafuta kidogo hata mteremkoni, kwa hiyo walikuwa na sababu yao ya kibahili. Ya usalama hawakuwa nayo. Mteremko mkali, weka gia ndogo, la auto vuta kwenye L au 2, injini ikusaidie kushika.

Tukiwa kwenye auto: kuna kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia katika Toyota nyingi za zamani kidogo. Ukikibonyeza, kwenye dashibodi inawaka taa imeandikwa O/D OFF. Taa ile ikiwaka, gari haliingii gia ya juu kabisa, injini inazunguka kasi bila sababu. Nimepanda magari ambayo dereva ametembea nayo miezi na taa ile inawaka, anadhani ni urembo wa dashibodi. Kitufe kile ni cha kupandia na kushukia milima. Barabara ya kawaida, taa izimike.

Kwenye foleni, trafiki akishika njia yenu na mnajua atawaweka dakika tano, zimeni injini kama betri ni nzima. Injini iliyosimama ikiunguruma inakula kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na AC juu yake. Asubuhi nako, kulipasha gari dakika kumi ni mazoea ya kabureta; nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu. AC msimnyime abiria kwa joto hili la Dar. Gari likiwa limepigwa jua, fungua vioo vyote mwendo wa dakika moja, joto litoke, ndipo uiwashe. Itafanya kazi kidogo zaidi.

Mtajuaje kama mnapata nafuu? Mshale wa mafuta unadanganya. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilometa. Fanya kazi zako wiki nzima, rudi kituo kile kile, pampu ile ile, jaza mpaka ijikate tena. Kilometa ulizotembea gawa kwa lita ulizoweka. Mfano, umetembea 420, umeweka lita 35: unapata 12 kwa lita. Wiki ya kwanza endesheni kama mlivyozoea, msibadilishe kitu. Ya pili anzeni na breki peke yake. Madaftari yapo pale mlangoni, kila mtu achukue moja, tukikutana tena tuje na namba.

Kabla ya chai tutoke nje. Nimekuja na geji ya upepo. Fungueni mlango wa dereva, kwenye nguzo yake kuna kibandiko kinachosema tairi za mbele na za nyuma zinataka upepo kiasi gani. Wakati naingia nimepita kwenye magari yenu, nimeona matairi manne matano yamelala. Tairi lililolala linaburuza, na linapata moto mpaka kupasuka. Tuyapime sasa kabla jua halijapanda, maana likishapata joto geji inasoma zaidi. Tuanze na lile jeupe karibu na geti.